Zamu ya Jikoni na Cheti cha Uongozi

Mara ya kwanza Benedikto wa Norcia, mtawa wa Italia ambaye Wabenediktini wanafuata Kanuni yake, kukabidhiwa watu awaongoze, watu hao hao walijaribu kumuua. Papa Gregori Mkuu, aliyeandika habari zake mwishoni mwa karne ya 6, anasimulia kwamba watawa wa nyumba moja isiyo mbali na Subiaco walifiwa na mkuu wao, wakamfuata Benedikto aliyekuwa akiishi peke yake pangoni, wakamsihi awe abate wao. Akakataa. Akawaambia waziwazi kwamba mwenendo wao na wake haupatani. Wakamng'ang'ania hadi akakubali, na alipoanza kuwabana wafuate taratibu, wakamtilia sumu kwenye divai. Chombo kikapasuka alipokibariki. Gregori anasema hakupandisha hata sauti: aliwakumbusha kwamba aliwaonya mapema, akawaombea huruma ya Mungu, akarudi zake upwekeni.

Ningepewa kufundisha somo la uongozi kwa jina la mtakatifu huyu, ningeanzia hapo. Kisa hicho kinasema mambo mawili ambayo semina nyingi huyakwepa: kwamba mtu mwema anaweza kushindwa kabisa kuongoza, na kwamba kukiacha kiti bila kinyongo ni sehemu ya kazi yenyewe. Miaka mingi baadaye, akiwa kwenye monasteri ya Monte Cassino, aliyenusurika sumu akaandika Kanuni ya sura 73, mwongozo wa maisha ya watawa. Ukiisoma huku unajua yaliyompata, unamwona mtu anayefahamu vizuri jinsi jumuiya inavyoharibika, tena inavyoharibika kwa mambo madogo.

Vyuo vya Kibenediktini vya Marekani vimeifanya Kanuni hiyo kuwa mtaji wa kulelea viongozi vijana. Si vyuo vya jana. Saint Vincent, mjini Latrobe, Pennsylvania, kilianzishwa mwaka 1846 na Boniface Wimmer, mtawa kutoka Bavaria. Watawa wake ndio waliosonga hadi Minnesota na kuanzisha mwaka 1857 chuo cha Saint John's, ambacho leo kiko Collegeville, na masista wa mji jirani wa St. Joseph wakafungua chuo chao cha wanawake, College of Saint Benedict, mwaka 1913. Kule Atchison, Kansas, Benedictine College ina mpango wa kuwaandaa viongozi uliopewa jina la Gregori, yule yule msimulizi wa kisa cha sumu. Kila chuo kina namna yake ya kuendesha mambo, lakini lugha yao inafanana, hasa tangu mwaka 2007 umoja wao ulipotoa orodha ya alama 10 za elimu ya Kibenediktini: upendo, sala, kudumu mahali pamoja, kuongoka siku kwa siku, utii, nidhamu, unyenyekevu, utunzaji wa mali, ukarimu na jumuiya.

Orodha nzuri, sina ugomvi nayo. Ila maneno kama ukarimu na unyenyekevu yanaingia kwenye mpango wowote, hata wa benki. Benki nyingi zimeshayabandika ukutani. Kinachowatofautisha Wabenediktini ni taratibu zao: nani anaosha vyombo wiki hii, nani anasikilizwa kikaoni, nani anaweza kumzuia mkuu. Kanuni haikuandikwa kuzalisha viongozi. Iliandikwa ili watu waweze kuishi na kiongozi bila yeye kuwaumiza na bila wao kumtilia sumu. Mpango wa chuo unaochukua maadili ukaziacha taratibu unawapa vijana sifa za utawa bila vikwazo vyake, na vikwazo ndivyo vilivyoifanya Kanuni idumu karibu miaka 1,500.

Tujiulize pia kwa nini orodha iliandikwa mwaka 2007 na siyo 1907. Zamani haikuhitajika. Mwalimu wa hesabu alikuwa mtawa, msimamizi wa bweni mtawa, fundi bomba mtawa, na kijana aliyekuja kusomea biashara alimaliza miaka minne akiwa ameona kwa macho yake mtu mwenye shahada ya uzamivu akifagia ukumbi kwa sababu ni zamu yake. Leo watawa wamepungua. Walimu na wakuu wa vyuo wengi ni walei, waumini wasio watawa wala mapadre. Saint John's na College of Saint Benedict tangu mwaka 2022 vina rais mmoja wa pamoja, Brian Bruess, naye ni mlei. Chuo kikuu cha Saint Gregory's cha Oklahoma, kilichoanzishwa na Wabenediktini, kilisimamisha masomo mwishoni mwa 2017. Watu walioibeba desturi mwilini wakiisha, desturi inaandikwa kwenye karatasi, kisha inaundiwa mpango, mratibu na bajeti. Silaumu, pengine hapakuwa na njia nyingine. Lakini aliyesoma orodha hajaona kile alichokiona aliyeishi jirani na mtawa, na mpango unaojisahau hapo utadhani umefundisha kumbe umetangaza.

Chukua sura ya 35, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sura ya uongozi kuliko zote, ingawa haimtaji kiongozi kwa sifa hata moja. Ndugu wahudumiane, anaandika Benedikto, na asisamehewe mtu zamu ya jikoni isipokuwa mgonjwa au mwenye shughuli nzito ya nyumba. Zamu ni ya wiki. Jumamosi, anayemaliza anafanya usafi na kufua mataulo ambayo ndugu hujifutia mikono na miguu. Yeye pamoja na anayempokea wanawaosha wenzao wote miguu. Vyombo anavirudisha kwa mtunza ghala vikiwa safi na vizima, naye mtunza ghala anamkabidhi anayeingia, ili ijulikane kilichotolewa na kilichopokewa. Halafu linakuja jambo dogo linaloonyesha mwandishi anawajua binadamu: wahudumu wapewe mkate na kinywaji saa moja kabla ya mlo, zaidi ya posho yao ya kawaida, ili wakati wa kula wawahudumie wenzao bila kunung'unika.

Benedikto anayachukia manung'uniko kuliko karibu kila kosa jingine. Anayarudia sura baada ya sura. Hata hivyo hapa hamhubirii mpishi uvumilivu. Anampa mkate. Amejiuliza nini kitamfanya huyu anung'unike, akakiondoa kabla hakijatokea. Mkurugenzi anayeandaa warsha ya siku mbili kuhusu ari ya wafanyakazi wakati mishahara imechelewa miezi miwili angeokoa fedha nyingi kwa kuisoma aya hiyo.

Na yale makabidhiano! Sura ya 32 inamtaka abate awe na orodha ya zana zote za nyumba, ajue nani kapewa nini na karudisha nini. Sura ya 31 inamwambia mtunza ghala aviangalie vyombo vyote vya monasteri kama vile ni vyombo vitakatifu vya altare, kwa hiyo jembe linapata heshima ileile ya kalisi, kikombe cha misa. Huku kwetu Tanzania tunajua ofisi zinavyobadilisha mikono. Mpya anaingia, anakuta kabati tupu, gari liko juu ya mawe, nywila za kompyuta kaondoka nazo mwenzake, na deni la mkahawa limeachwa mezani kama salamu. Serikali za wanafunzi vyuoni ndiyo shule ya kwanza ya tabia hiyo: viongozi wa mwaka huu wanaapishwa kwa shangwe na hakuna anayewauliza wa mwaka jana wameacha nini kwenye akaunti. Mwanafunzi aliyewahi kuhesabu sufuria 40 mbele ya anayempokea, zikatoka 39, akalazimika kuitafuta ya 40, amefundishwa uwajibikaji kwa namna ambayo insha haiwezi kumfundisha.

Kuhusu ushauri, sura ya 3 inafahamika zaidi. Panapokuwa na jambo zito, abate aite jumuiya nzima, alieleze mwenyewe, asikilize, alipime moyoni, kisha aamue. Waitwe wote kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Kwa mambo madogo wazee wanatosha. Wanaoinukuu sura hii kwenye mipango ya uongozi hupenda kuishia kwa kijana anayesikilizwa na kuupita haraka upande wa pili, kwamba baada ya yote hayo uamuzi ni wa abate na ndugu watatii. Demokrasia haipo hapa. Lililopo ni wajibu wa kusikia kabla ya kuamua, na wajibu huo unambana mkuu hata siku ambayo ana uhakika yuko sahihi.

Jirani na sura hiyo iweke ya 63, inayopanga vyeo kwa muda wa kuingia nyumbani. Aliyegonga mlango saa ya pili ya mchana ni mdogo kwa aliyegonga saa ya kwanza, hata kama nje alikuwa mtu mkubwa. Mtoto wa mtumwa aliyetangulia anamtangulia tajiri aliyechelewa. Na sura ya 64 inasema abate aweza kuchaguliwa hata kama ni wa mwisho kabisa kwenye mstari, mradi maisha yake na hekima yake vinastahili. Sasa hebu fikiria vijana wanavyoingizwa kwenye mipango ya uongozi: kwa alama za mtihani, barua za wakubwa, mahojiano. Wanachaguliwa na watu ambao hawatakaa nao bweni moja. Benedikto alitaka kiongozi achaguliwe na wale watakaokula naye mezani hadi kufa, kwa sababu hao wanajua anavyokasirika akichelewa kulala.

Kwamba jambo hili halijapata suluhisho hata kwa wenyewe tuliona mwaka 2019, watawa wa Saint Anselm, New Hampshire, walipofika mahakamani dhidi ya bodi ya chuo chao wakibishania nani ana mamlaka ya kubadilisha kanuni za uendeshaji wa chuo. Kesi kama ile ingefaa kusomwa darasani neno kwa neno. Imebeba somo la utii na ushauri kuliko mafungo kumi.

Lakini pengo kubwa zaidi liko kwenye kudumu. Mtawa wa Kibenediktini huweka nadhiri ya kukaa kwenye jumuiya moja. Sura ya 1 ya Kanuni inataja aina nne za watawa, na wanaosemwa vibaya kuliko wote ni wazururaji: siku tatu nyumba hii, siku nne nyumba ile, wageni wa kila mtu, hawatulii kamwe, watumwa wa matakwa yao. Ukisoma maelezo hayo unaweza kudhani ni wasifu wa kijana aliyefaulu leo. Miezi sita ya kujitolea, mwaka mmoja kwenye shirika, miwili kwenye kampuni ya ushauri, kila mahali ameacha "mabadiliko" na hakuna alikokaa hadi kuyaona mabadiliko hayo yakimgeukia. Mipango ya uongozi, kwa jinsi ilivyo, huwaandaa wazururaji. Inawaandaa kwa ajili ya hatua inayofuata. Sijui chuo kinawezaje kumfundisha mtu wa miaka 20 kudumu mahali wakati chenyewe kinamtarajia aondoke baada ya miaka minne, na hili silioni likitatuliwa kwa mada ya ziada kwenye ratiba.

Hata hivyo Collegeville pana mahali ambapo kudumu kunaonekana. Mwaka 1979 mfinyanzi Richard Bresnahan, baada ya kujifunza ufundi Japani, alianzisha karakana ya ufinyanzi pale Saint John's. Akatumia udongo wa eneo lilelile, akaweka akiba inayokadiriwa kutosha karakana hiyo kwa takriban miaka 300. Tanuri lake kubwa likiwashwa, moto unachochewa kwa kuni usiku na mchana zaidi ya wiki, watu wakipokezana zamu. Mwanafunzi anayechochea saa tisa za usiku hatakuwepo udongo ule utakapoisha, wala mjukuu wake hatakuwepo. Yuko pale kulinda moto aliouwasha mwingine na atakaoupokea mwingine. Pana mpango wa uongozi hapo, nao hauna jina la uongozi. Nashuku ndiyo maana unafanya kazi.

Kuna jambo ambalo mpango wowote wa uongozi wa Kibenediktini ukilificha haufai kuaminiwa. Abasia ya Saint John's, monasteri yenye chuo kile na historia yote hiyo ya sala na elimu, ni miongoni mwa nyumba zilizoguswa na kashfa ya watawa kuwanyanyasa watoto na vijana kingono. Mwaka 2002 ilifikia mapatano na kundi la walionyanyaswa, na miaka iliyofuata majina na majalada ya watawa waliotuhumiwa yakawekwa hadharani. Kwa hiyo mtu anayesimama darasani Collegeville kufundisha utii anasimama mahali ambapo heshima kwa wakubwa na desturi ya kuyamaliza mambo ndani viliwahi kuwagharimu wasio na nguvu. Anayefundisha ukarimu anafundisha mahali ambapo wapo waliopokelewa kisha wakadhuriwa.

Nimesikia jibu la haraka kwamba hayo ni makosa ya watu, siyo ya Kanuni. Ni kweli kwa nusu. Kanuni inamwonya abate tena na tena kwamba atatoa hesabu ya kila roho aliyokabidhiwa, lakini hesabu hiyo ataitoa kwa Mungu, na Mungu hafungui faili polisi. Sura ya 68 inamruhusu ndugu aliyepewa amri isiyowezekana aeleze kwa upole kwa nini hawezi. Mkuu akishikilia, atii. Kwa jumuiya ya watu wazima waliochagua maisha hayo, sawa. Kwa mwanafunzi wa miaka 15 mbele ya mtu mwenye kanzu, ni hatari, na mwalimu mwaminifu atasema hivyo bila kupaka rangi.

Nusu nyingine imo kwenye sura ya 64. Benedikto anatazamia kwamba jumuiya nzima, kwa kauli moja, inaweza kumchagua mkuu atakayefumbia macho maovu yao. Likitokea hilo, anasema, askofu wa jimbo, maabate na hata Wakristo wa jirani wauzuie mpango wa waovu na kuiwekea nyumba ya Mungu msimamizi anayefaa. Jirani! Mtu wa nje, mkulima wa kijiji cha pili, anapewa haki ya kuingilia ndani ya ukuta. Aliyenusurika sumu alijua kwamba umoja wa watu wa ndani unaweza kuwa umoja wa kuficha. Huko Minnesota jirani hao walikuwa waathirika wenyewe, wanasheria wao na waandishi wa habari. Sura hii ndiyo ningeifanya mtihani wa mwisho wa kila kijana anayetaka kuitwa kiongozi: taja mtu wa nje ya taasisi yako mwenye uwezo wa kweli wa kukuzuia. Akikosa wa kumtaja, arudie mwaka.

Kinachonifanya nisiitupe mipango hii yote ni mmoja wao unaofika hadi kwetu. Tangu mwaka 2003 abasia ya Saint John's imekuwa ikiwatuma vijana waliohitimu chuo chake kukaa hadi mwaka mmoja na jumuiya za Kibenediktini sehemu mbalimbali za dunia, na miongoni mwa hizo ni Hanga, mkoani Ruvuma. Wanasali na watawa, wanafundisha, wanafanya kazi za mikono. Hanga ilianzishwa mwaka 1957 kwa ajili ya Waafrika waliotaka maisha hayo, ikawa abasia mwaka 1971, na baadaye ikaizaa Mvimwa kule Rukwa. Baadhi ya watawa wake nao wamesoma Collegeville, kwa hiyo njia hiyo ina nyayo za kwenda na za kurudi.

Kijana wa Minnesota anapofika Hanga haji kuongoza kitu. Hajui lugha, hajui saa za kengele, hajui kwamba ugali hauliwi kwa uma. Mwenye kumwelekeza ni bruda wa Kingoni ambaye pengine ni mdogo kwake kwa umri na amemtangulia kuingia nyumbani. Sura ya 61, inayohusu mtawa mgeni, inamtaka aridhike na desturi za mahali alipozikuta, asiivuruge nyumba kwa madai yake. Kisha inaongeza: akiona kasoro na akaisema kwa busara na unyenyekevu, abate aipime, huenda Bwana amemleta kwa sababu hiyo hiyo. Adabu ya ugeni ndiyo jambo gumu kuliko yote kwa mtu aliyeambiwa tangu shule ya msingi kwamba yeye ni kiongozi wa kesho. Ukarimu kwenye orodha ya 2007 unasomwa kama fadhila ya mwenyeji, na Mmarekani msomi amezoea kujiona mwenyeji wa dunia. Hanga anakuwa mgeni, anapokea chakula ambacho hakukilima, na anategemea subira ya watu wengine hadi kununua sabuni.

Na kwetu jambo hili lina historia inayouma. Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, walifika Peramiho mwaka 1898 kama wageni wa Wangoni, lakini wageni ambao nyuma yao palikuwa na bunduki za Mjerumani. Vita vya Majimaji vilipoanza, Askofu Cassian Spiss na wenzake 4 waliuawa njiani mwezi Agosti 1905, na misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Mwezi Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea. Wamisionari walirudi, wakajenga upya, wakadumu. Hospitali, shule na viwanda vyao vimewahudumia watu wa kusini vizazi kadhaa, na leo abasia za Peramiho na Ndanda zinaongozwa na Watanzania. Ila anayesema "maadili ya kimonaki" Ruvuma anasema na watu wanaokumbuka kwamba mgeni alikuja na dola lake. Sura ya 61 ingesomwa kwa makini mwaka 1898, sehemu ya habari hizo ingekuwa tofauti.

Ukitaka kuona Kanuni ikifanya kazi bila kuitwa uongozi, si lazima upande ndege kwenda Minnesota. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, huko huko Ruvuma, wana kituo cha umeme wa maji cha Tulila, megawati 5, kwenye mto Ruvuma, na umeme wanauuzia TANESCO. Masista! Mashine zile zinadai zamu, kumbukumbu za kila siku, grisi kwa wakati, na mtu wa kuamka usiku maji yakijaa. Jumuiya iliyozoea kengele, makabidhiano na kukaa mahali pamoja ina mtaji ambao mwekezaji aliyekuja kwa mkataba wa miaka mitano hana. Sisemi kila monasteri ijenge bwawa. Nasema mwanafunzi wa uongozi akipelekwa Tulila wiki sita, akashika daftari la zamu chini ya sista mwenye ufunguo, atarudi na kitu cha kusimulia zaidi ya vigae vya hoteli ya semina elekezi.

Vyuo vyetu vya Afrika Mashariki vimeanza kuyaiga haya ya Marekani, kila mahali kuna programu ya uongozi yenye fulana na picha ya pamoja. Anayetaka kuiga cha Kibenediktini namshauri aache orodha ya maadili aanze na mambo manne yasiyopigiwa makofi. Wanaoingia wapangiwe zamu ya jikoni ya chuo, wiki nzima, na mratibu wa mpango awemo kwenye ratiba. Kila dhamana, hata ya funguo za ukumbi, ikabidhiwe kwa orodha na sahihi mbili. Kila uamuzi mzito wa mpango upelekwe kwanza kwa wa mwaka wa kwanza, wasikilizwe kabla wakubwa hawajafungua mdomo. Na pawepo mtu mmoja asiyelipwa na chuo, mwenye namba ya simu iliyobandikwa mlangoni, anayeweza kusimamisha jambo. Cheti kitolewe baada ya miaka mitano, kikiwa na maoni ya watu walioishi na mhitimu chini ya paa moja. Asiyeweza kungoja, semina elekezi zinaendelea, na posho inalipwa siku hiyo hiyo.